Ndege ya Vita Kitandani Kwangu

Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili nilipopata ya tatu, na ilipofika mwezi wa sita nikaanza kuona damu. Mume wangu alikuwa Mikumi na kikosi cha matengenezo ya reli. Aliyenipeleka hospitali ya Kilosa alikuwa wifi yangu, mdogo wake wa kike, ambaye alinishika kiwiko njia nzima bila kusema neno, na kwake kunyamaza halikuwa jambo la kawaida.

Daktari alikuwa mgeni kutoka nchi moja ya Ulaya ya mashariki, mmoja wa wale waliokuja baada ya Uhuru wakati madaktari wetu wenyewe walikuwa bado wachache mno. Kiswahili chake kilikuwa kifupi kama amri.

"Wewe lala," aliniambia. "Ubavu wa kushoto. Hapana jikoni. Hapana shule. Hapana ndoo."

"Mpaka lini, daktari?"

"Mpaka mtoto."

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili. Siku zile shule ilikuwa pia shamba. Asubuhi tulifundisha kusoma, mchana tulipalilia pamba pamoja na watoto, na nilizoea kusimama tangu jua linachomoza. Kulala hivi hivi, macho makavu, nikisikiliza mwili wangu kama mtu anayesikiliza mwizi nje ya mlango, kulinishinda. Kila nikihisi unyevu kidogo nilipapasa. Kila mtoto alipotulia muda mrefu nilijibonyeza tumbo mpaka acheze. Daktari alinikuta siku moja nimegeukia ukuta nalia, akaondoka, akarudi na kitabu kikubwa chembamba.

Kwenye jalada palichorwa ndege ya vita ya zamani ikipinda juu ya mawingu. Ndani hapakuwa na hadithi. Zilikuwa karatasi ngumu zilizojaa vipande vidogo vidogo vya rangi ya majani na ya udongo, kila kimoja na namba yake, na maelezo ya lugha ya kwao ambayo sikuweza hata kuyatamka. Daktari alifanya vidole vyake kuwa mkasi.

"Kata. Bandika. Mikono kazi, kichwa pumzika." Halafu akanieleza kwa shida kwamba nyumbani kwao watu wazima hutengeneza vitu hivi theluji ikiwafungia ndani. "Wewe sasa theluji," alisema, na akaniruhusu kwenda nyumbani kwa ahadi kwamba nitalala.

Nyumbani kulikuwa kwa baba mkwe. Mume wangu hakutaka nibaki peke yangu katika nyumba ya mwalimu, kwa hiyo alinihamishia kwa baba yake, upande wa chini wa mji, si mbali na mto Mkondoa. Mzee alikuwa mjane. Alitoka milimani, Ukaguru, akashuka Kilosa baada ya vita vya Burma kufanya kazi ya reli, na sasa alikuwa amestaafu akilima mahindi kandokando ya mto. Alikuwa mtu wa kanisa na wa heshima kali. Tangu niolewe hakuwahi kunitazama usoni kwa muda wa kutosha kujua kama nina kovu. Chumba changu kilikuwa na pazia badala ya mlango, na pazia lile kwake lilikuwa ukuta. Kila asubuhi alisimama upande wa pili.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, baba."

"Haya."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku.

Nilianza na mbavu. Ndege ile ilikuwa na mifupa ndani: vipande vya duara vilivyopaswa kugandishwa kwenye kadibodi, vikakatwa, vikapangwa kwenye uti mmoja mrefu, kisha ngozi ya rangi ikavikwa juu. Kadibodi nilipata kwenye boksi la sabuni. Kisu changu kilikuwa nusu ya wembe niliyoibana kwenye kijiti. Gundi nilipika na wifi kwa unga wa muhogo, yaani yeye alipika mimi nikimwelekeza kutoka kitandani, naye akinung'unika.

"Wifi, una mtoto tumboni halafu unatengeneza ndege ya kuulia watu?"

"Ni karatasi."

"Hata hirizi ni karatasi."

Neno lake liliniingia. Lakini mikono ilikuwa imeshaonja kazi. Nililala ubavu, ubao wangu wa kuchorea wa shule umeegemezwa kwenye mto, nikikata mstari mwembamba kama unywele. Kitabu kilikuwa kimoja tu. Ukikosea kipande, hakuna kingine Kilosa nzima, hakuna Dar es Salaam. Nilizuia pumzi kila nilipofika kwenye kona. Na nilipozuia pumzi kwa ajili ya karatasi, nilisahau kuizuia kwa ajili ya tumbo.

Siku moja upepo wa mvua uliinua pazia wakati baba mkwe akipita barazani. Nilikuwa nimeshika kiwiliwili cha ndege, nusu mbavu tupu, nusu kimevikwa ngozi, na bawa moja likiwa limelala shukani. Alisimama.

"Hicho nini?"

"Ndege, baba. Ya karatasi. Daktari kanipa."

Pazia lilikuwa limesharudi mahali pake, lakini sikusikia hatua zake zikiondoka.

"Harikeni," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Kisha akaenda zake.

Mchana ule hakula. Jioni wifi aliingia kwangu amekunja uso, na safari hii haukuwa uso wa kunilaumu.

"Baba anasema uichome."

"Kwa nini?"

"Hajasema. Nimemuuliza, kanyamaza. Wifi, baba hajawahi kuniambia nichome kitu."

Mkwe hampingi baba mkwe. Nililelewa hivyo. Lakini sikuichoma. Niliisukuma chini ya kitanda, na siku zilizofuata nililala nikitazama mabati. Mvua za masika zilikuwa zimeshika kweli kweli. Damu ilirudi, si nyingi, lakini ilirudi. Wifi alikimbilia hospitali, akarudi na vidonge na maneno yale yale: lala. Mume wangu alituma salamu kwa gadi wa treni kwamba njia ya Mikumi imeanza kuliwa na maji sehemu mbili, vibarua hawaruhusiwi kuondoka, nivumilie. Nilivumilia nini, sikujua. Nililia kwa kung'ata kanga.

Mwisho nilinyoosha mkono chini ya kitanda, nikaitoa.

Nilikuta mende wamekula ncha ya bawa. Muhogo huwa mtamu kwao. Kipande kizima cha pembeni, chenye rangi mbili zinazokutana, kilikuwa kimetafunwa kama jani. Nilihisi hasira ambayo ilinisaidia kuliko vidonge. Nilikata kipande kipya kwenye kadi ya manila ya shule, nikakipaka rangi kwa majani ya kunde yaliyopondwa na udongo wa ukutani niliourowesha kwa mate, na kwenye gundi mpya nikamwambia wifi atie tone la mafuta ya taa. Ilinuka. Na harufu ile ilipita kwenye pazia.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kigoda kikiwekwa chini, upande wa pili.

"Mwalimu." Hakuwahi kuniita hivyo. "Bado unaitengeneza?"

Moyo ulinipiga mpaka mtoto akashtuka. "Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Umefika wapi?"

"Nimemaliza bawa la kushoto. Mende walilila."

"Tumboni umeweka rangi gani?"

"Kitabu kinaonyesha kama maji ya bahari. Buluu iliyopauka."

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa. Ukiitazama kutoka chini, inapotea angani."

Kisha, bila mimi kumuuliza, alinieleza. Aliongea polepole, uso wake nadhani umeelekea uani, maana sauti ilikuja kwa mzunguko.

Burma alikuwa mbeba machela. Wanne kwa machela moja, kwenye matope ya magotini, mvua isiyokata. Siku hiyo walikuwa wamembeba mtu wa kwao, kutoka kijiji cha jirani na chao huko milimani, amepigwa risasi ya paja. Hakuwa mtu wa kufa. Alikuwa akiwatania kwamba wanambeba vibaya kama wanaopeleka mahari. Ndipo Harikeni, ndege ya Waingereza kama ile yangu ya karatasi, ikaja chini chini, inatoa moshi, ikaanguka kwenye mianzi mbele yao. Rubani walimtoa hai, kijana mdogo tu, miguu yote imevunjika. Afande wao akasema mwekeni chini huyo, mchukueni rubani, mtamrudia huyo.

"Tukamweka chini ya mti," alisema baba mkwe. "Nikamfunika na turubai langu. Yeye mwenyewe akatuambia, nendeni, naweza kungoja."

Nje mvua ilikuwa ikidondoka kwenye pipa. Nilijua sipaswi kuuliza, na niliuliza.

"Mlimrudia, baba?"

"Kesho yake. Turubai tu ndilo lililokuwepo."

Nikauliza kuhusu rubani.

"Alipona. Nasikia alipona. Sina neno na rubani, alikuwa mtoto." Kigoda kilikwaruza sakafu. "Mwalimu, malizia ndege yako."

"Ulisema niichome."

"Nilisema. Lakini siku zile ulipoiacha, nilikuwa nasikia ukilia. Ukiishika hiyo karatasi, hulii."

Tangu siku hiyo tulifanya kazi wawili, na pazia katikati. Nilikata, nikapitisha vipande chini ya pazia juu ya sinia. Yeye aliviviringa na kuvirudisha. Vidole vyake vilikuwa vinene, lakini alikuwa na subira ambayo mimi sikuwa nayo. Vibomba vya moshi, vidogo kama punje za mchele, alivizungushia kwenye sindano ya kufumia. Magurudumu alitengeneza kwa kubandika duara juu ya duara na kuyasugua kwa jiwe. Kwa kuwa hakuna kilichokauka katika unyevu ule, aliwasha mkaa kwenye pasi na kuishikilia karibu na kila kiungo, si karibu sana, huku akihesabu kwa lugha ya kwao. Mara nyingine alinirekebisha. "Miguu haikusimama wima hivyo. Ilichanua kidogo, kama ya ng'ombe anayekunywa maji." Nilikunjua nikakunja upya.

Wifi aliona yote haya na kwa mara nyingine hakusema kitu, isipokuwa siku aliyoleta nailoni ya pakiti ya sigara aliyoiokota sokoni. "Ya kioo cha rubani," alisema, akaitupa kitandani kama mtu anayelipa faini.

Habari za ndege zilitoka nje ya nyumba. Balozi wetu wa nyumba kumi, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja kuuliza. Siku zile redio ilituhimiza kila jioni tuwe macho, Mreno alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na balozi aliichukua kazi yake kwa moyo wote. Alisimama barazani, kofia mkononi.

"Mzee, kuna maneno. Watu wanasema humu ndani kuna ndege ya kikoloni."

"Ipo," alijibu baba mkwe. "Inaumwa na mende. Unataka kuiona?"

Wifi alimtolea nje juu ya ubao. Balozi aliigeuza, akahesabu matundu ya bunduki mbele ya mabawa, akagusa kwa ukucha zile duara za rangi za Waingereza juu ya mabawa.

"Kazi nzuri," alisema kwa huzuni kidogo. "Lakini Mwalimu, kwa nini usiibandike bendera yetu?"

"Nikipata karatasi ya rangi, balozi," nilijibu kutoka ndani.

"Fanya hivyo. Nami nitakuwa na la kuwaambia watu."

Aliondoka, lakini hofu ilibaki. Nilijiuliza kama nitaitwa ofisini, na kama nitaitwa, nitakwendaje na mimi sipaswi kusimama. Mwili ulikuwa umenifundisha kuona kila kitu kama jambo litakalonisimamisha.

Kilichobaki kilikuwa pangaboi na kile kibanda cha kioo, fremu yake nyembamba mno hivi kwamba wembe ukiteleza kidogo tu yote inakatika. Niliiahirisha. Mvua ilinyesha milimani mfululizo, na Mkondoa ulianza kutoa sauti tuliyoweza kuisikia kutoka kitandani, sauti ya magogo yanayogongana. Baba mkwe alikwenda kutazama mahindi yake, akarudi amekunja suruali.

"Hakuna mahindi," alisema tu.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikatika, na kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri nilikata kioo. Nilikata madirisha yale moja baada ya jingine bila kukosea, nikabandika nailoni kwa ndani, nikakiweka mahali pake. Ndege ilikuwa nzima, imebaki pangaboi tu. Wifi, kabla ya kwenda sokoni kuuza mchicha wake, aliitundika kwa uzi kwenye boriti juu yangu ili mende wasiifikie. Ilizunguka polepole. Niliitazama kwa chini, tumbo lake la buluu, nikaona kweli kwamba ingepotea angani.

Nilikuwa bado naitazama niliposikia watu wakipiga kelele upande wa mtoni.

Maji yaliingia kwa ukuta wa nyuma. Kwanza mstari mwembamba wa kahawia sakafuni, kama mtu amemwaga chai, kisha viatu vyangu vikaanza kutembea vyenyewe. Nilijiinua kwenye kiwiko. Tumbo likabana.

"Usiteremke!" Ilikuwa sauti ya baba mkwe. "Mwalimu, usiteremke!"

Alilivuta pazia likang'oka na kamba yake. Alikuwa ndani ya chumba changu, maji yakimfika vifundoni, na hakunitazama usoni, alitazama kitanda. Kilikuwa kitanda cha kamba, cha mti wa mkongo, kizito. Alitoka mlangoni akaita kwa sauti ya kijeshi, na waliokuja walikuwa balozi na vijana wawili wa nyumba ya jirani. Hawakuulizana. Kila mtu alishika tendegu lake.

"Mabegani," alisema mzee. "Mguu wa kushoto kwanza. Msiende kwa haraka, nendeni pamoja."

Wakaninyanyua. Mabati yalinijia usoni, ndege ikanigusa nywele, kisha tukawa nje chini ya anga nyeupe, na mtaa wetu haukuwepo. Palikuwa na maji yanayokwenda, yamebeba mabua, kuku, mlango wa mtu. Nilijifunga kwenye kamba za kitanda kwa vidole. Walikuwa wakielekea kwenye tuta la reli, mahali pekee palipokuwa juu, na maji yalifika viunoni mwao. Kijana mmoja wa mbele alikanyaga shimo la takataka akazama mpaka kidevuni. Kitanda kiliinama. Niliteleza kuelekea majini, shuka na mimi, na mkono mmoja mgumu ukanikamata mguu juu ya goti ukanishikilia hapo mpaka kijana alipoibuka akikohoa. Ulikuwa mkono wa baba mkwe. Sikuwahi hata kupeana naye mkono wa salamu.

Hapo ndipo uchungu ulipoanza. Niliujua, nilishakutana nao mara mbili.

Juu ya tuta walijaa watu, mbuzi, magodoro. Balozi alikuwa akitweta.

"Mzee, tumweke hapa kwanza. Pakavu. Mama yangu bado yumo ndani, sijui kama ameweza kupanda juu ya dari. Tukimtoa tunarudi."

Lilikuwa jambo la haki kabisa. Vijana nao walikuwa na kwao. Walianza kushusha pande zao, na mimi nikaona kichwa changu kinakwenda chini na miguu inabaki juu, kwa sababu baba mkwe hakuwa ameshusha.

"Nendeni," aliwaambia. "Nenda kwa mama yako, balozi. Lakini mimi simweki chini."

"Mzee, kitanda hakibebwi na mtu mmoja!"

"Simweki chini."

Bega lake lilikuwa limechunika, damu ikichanganyika na maji kwenye shati. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe, nikasema jambo la kijinga, jambo ambalo mtu yeyote angesema.

"Baba, niweke tu. Naweza kungo—"

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Neno lilibaki mdomoni.

Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza. "Usiliseme hilo," alisema.

Sijui tungekaa hivyo mpaka lini. Aliyetuokoa alikuwa wifi, akija anakimbia juu ya mataruma ya reli kutoka upande wa sokoni, kanga imemganda mwilini, nyuma yake wanawake wawili wauza mchicha wenzake. Hakuuliza kitu. Aliingiza bega chini ya tendegu aliloliacha balozi, akawaambia wenzake, "Nyie hapa, wewe pale," na wanaume wakaachia, wakarudi majini. Tulikwenda hivyo kufuata reli mpaka hospitali, mzee mmoja na wanawake watatu, mimi juu nikihesabu uchungu, wifi akiwatukana waliosimama njiani kwa maneno ambayo baba yake alijifanya hayasikii. Palipokuwa na mteremko nilimsikia mzee akirudia, "Pamoja, pamoja," mpaka tukafika mlangoni.

Hawakuniweka chini. Walinipitisha kutoka kitandani kwao kwenda kitanda cha wodi, mikono kwa mikono.

Mtoto alizaliwa kesho yake mchana, wa kike, kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba daktari alimshika kwa kiganja kimoja. Hakulia kama watoto wanavyolia. Alitoa sauti kama mlango wa kabati. Hospitali haikuwa na mashine za kulea watoto kama hao. Walimzungushia pamba na chupa za maji ya moto, na wifi ndiye aliyebadilisha zile chupa, mchana kutwa, kwa siku nyingi, akigombana na wauguzi kuhusu joto la maji. Kwa muda mrefu sikuthubutu kumpa jina wala kumwambia mtu amefanana na nani. Nilimtazama kifua kikipanda, nikangoja kishuke, nikangoja kipande.

Daktari aliniuliza, "Ndege?"

Baba mkwe alikuwa ameshaniletea habari. Ukuta wa nyuma ulianguka lakini boriti ilibaki, na ndege ilikutwa bado inaning'inia. Maji hayakuifikia. Ila unyevu uliilegeza gundi, ikajifungua kila kiungo, ngozi ikachanuka, mabawa yakaanguka kwenye tope moja moja. Mzee aliyasema haya akiwa amesimama nje ya mlango wa wodi, amegeukia ukumbini, kama kwamba pale pia palikuwa na pazia.

"Imekufa maji, daktari," nilijibu.

Alifikiri. "Mtoto hapana kufa maji," alisema, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama yake balozi alitolewa salama. Nasikia alimgombeza mwanawe mwaka mzima kwa kusahau kuku.

Mume wangu alifika kwa miguu. Treni hazikupita kwa muda mrefu, naye alitembea kutoka Mikumi kufuata njia ya reli, palipokatika akivuka kwa kamba, akilala kwenye vibanda vya wafanyakazi kwa sababu ya tembo. Aliingia wodini miguu imevimba, matope mpaka kiunoni, akasimama mbali na ile pamba kama mtu aliyeogopa kuivunja kwa kuitazama.

"Ni wetu?" aliuliza.

"Ni wetu," nikamwambia, na ndipo nilipoamini.

Baadaye aliniuliza ilikuwaje baba yake akaingia chumbani kwangu. Watu walikuwa wamemsimulia. Nilimwambia maji yaliingia. Akaniuliza baba yake alikuwa akizungumza nini nami kwenye pazia siku zote zile, maana wifi alimwambia. Nilimwambia kwamba hilo amuulize baba mwenyewe. Sidhani kama aliwahi kumuuliza.

Mtoto alipopata nguvu tulihamia Mikumi, kwenye nyumba ya reli ya chumba kimoja, nami nikapewa darasa katika shule ya huko. Baba mkwe alikuja kututembelea mara moja, kwa treni. Hakukubali kulala ndani kwetu. Tulimtafutia nafasi kwa jirani. Asubuhi nilimwamkia kutoka mlangoni, akaniitikia bila kugeuka, na alikuwa amekaa kwenye kigoda nje na mjukuu wake magotini, wote wawili kimya, wakitazama nyani wakivuka reli.